Karurumo: Miti Wenyeji na Miti Wageni

Msafiri atokaye mji wa Embu na kuifuata barabara kuu iendayo Meru huwa na Mlima Kenya upande wake wa kushoto karibu njia yote. Hupita Runyenjes, na katika sehemu hizo za Runyenjes, ambako nchi huanza kuinama kutoka mlimani kwenda bonde la mto Tana, ndiko liliko soko la Karurumo. Si mji mkubwa, wala hapana jengo la ajabu la kumsimamisha mpita njia. Lakini mtu apendaye kujifunza habari za miti hana haja ya kwenda mbali zaidi, kwa maana Karurumo ipo mahali ambapo nchi mbili hukutana. Juu yake kuna nchi ya baridi na mvua nyingi, yenye majani ya chai, na juu zaidi msitu wa mlima. Chini yake kuna nchi ya joto ya Wambeere, yenye mawele, mbaazi, mbuzi na miti ya miiba. Mimea ya nchi hizo mbili hukaribiana hapo kama watu wakutanao sokoni.

Msafiri akisimama mahali palipoinuka na kutazama mashamba, jambo la kwanza atakaloliona ni kwamba miti mirefu karibu yote imesimama kwa mistari. Mistari hiyo hushuka na mteremko mpaka mtoni, mmoja hapa na mwingine pale, na kila mstari ni mpaka wa shamba la mtu. Mti huo ni mgrevilea, ambao watu wa pande hizi huuita mukima. Umezoeleka hata kijana aliyezaliwa hapa aweza kudhani kwamba ulikuwapo tangu Mungu alipoumba mlima. Kumbe sivyo. Ni mgeni aliyevuka bahari.

Na si yeye peke yake. Kama miti na mimea ingetakiwa kueleza ilikotoka, wengi wanaojiita wenyeji wangeaibika. Mahindi asili yake ni Marekani, na muhogo vile vile, na maharagwe, na viazi vitamu, na mpapai, na mparachichi. Mgomba ulitoka Asia ya kusini-mashariki zamani sana, hata hakuna kabila la pande hizi linalokumbuka kuishi bila ndizi. Mwembe ulitoka Bara Hindi na nchi za jirani yake. Kahawa ni jirani wa karibu zaidi, kwa kuwa asili yake ni misitu ya Uhabeshi, nchi iitwayo leo Ethiopia. Lakini hata hiyo ilifika Kenya kwa mikono ya wamishenari, waliopanda miche yake Bura katika milima ya Taita mwaka 1893. Mkulima wa Karurumo akiketi jioni kula, chakula chake ni baraza la wageni. Walio wenyeji wa bara hili la Afrika ni wimbi, mtama, mawele, kunde na baadhi ya viazi vikuu, na hao siku hizi huketi nyuma.

Basi hapana sababu ya kumchukia mgeni. Wazee wa Kiswahili walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Yafaa kuuliza, je, mgeni huyu amelishika jembe? Tena yafaa kuuliza, mwenyeji amepatwa na nini tangu mgeni alipofika?

Tuanze na mgrevilea, kwa kuwa ndio wenye sifa kubwa. Kwao ni upande wa mashariki wa Australia. Uliletwa Afrika ya Mashariki mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, ili uwe kivuli cha chai na kahawa katika mashamba makubwa ya walowezi. Wakati huo watu wa Embu hawakuwa na sababu kubwa ya kuupanda. Ardhi ilikuwa chini ya ukoo, na mtu mmoja aliweza kuwa na vipande vitano au sita vilivyotawanyika, kimoja kilimani na kingine bondeni. Mipaka yao waliifahamu kwa miti ya asili. Mmoja wa miti hiyo ni mukungugu, ambao tawi lake likichomekwa ardhini huchipua. Mti huo ulikuwa na kazi ya pili: viazi vikuu vilipandwa chini yake, navyo viliparamia shina lake. Hivyo mpaka ulikuwa mpaka, na papo hapo ulikuwa ghala.

Mambo yalibadilika katika miaka ya 1950. Mwaka 1954 ulitangazwa mpango wa kilimo ulioitwa kwa jina la aliyeuandika, Bwana Swynnerton. Vipande vya ardhi vilikusanywa pamoja, vikapimwa, vikaandikishwa, na mwaka 1959 ilitungwa sheria ya kuandikisha ardhi za Waafrika. Hayo yalifanyika katika miaka ya Hali ya Hatari, watu wakiwa wamehamishiwa vijijini kwa amri, na machungu yake hayajasahauliwa mpaka leo. Lakini waliporudi kwenye ardhi, kila mwenye shamba alikuta kipande kimoja chenye mpaka mmoja na hati yenye jina lake. Alitaka mti wa kuonyesha kwamba hapa ndipo shamba lake liishiapo: mti unaokua upesi, usiotambaa kwa jirani, usiokausha mazao yake mwenyewe kwa kivuli kizito. Mgrevilea ulikuwa tayari. Ndipo mgeni alipopewa jembe.

Ukweli ni kwamba amelima vizuri. Mwenye shamba hupanda juu na kuyakata matawi yote, akiacha kishungi kidogo kileleni. Na baada ya muda matawi huchipua tena, akakata tena. Matawi hayo ni kuni za jikoni, na mama wa nyumba aliyekuwa akienda mbali kutafuta kuni na kurudi na mzigo mgongoni, kamba ikimkata kipaji cha uso, sasa huziokota kwenye mpaka wa shamba lake. Majani yanayopukutika hufunika udongo mwekundu usichukuliwe na mvua ya masika. Shina likinenepa hutoa mbao za paa na za milango. Na zaidi ya yote, mti huo ni akiba. Mwanafunzi anapoitwa shule ya sekondari na karo haijapatikana, baba hutoka nje, hutazama mpaka wake, na kuhesabu. Nyumba nyingi za Karurumo zina mwalimu, karani au mwuguzi ambaye elimu yake ilianguka kwa msumeno, mti mmoja baada ya mwingine.

Mgeni mwingine aliyelishika jembe ni makadamia. Huyu ni ndugu wa mgrevilea, maana wote wawili ni wa jamaa moja ya mimea na wote wanatoka mashariki ya Australia. Uliletwa Kenya mwaka 1946 na mlowezi wa Thika aitwaye Bob Harries. Karurumo uliukaribisha kwa sababu ya msiba wa kahawa. Waafrika wa Embu, Meru na Kisii waliruhusiwa kupanda kahawa katika miaka ya 1930, kwa idadi ndogo na kwa masharti makali, na baadaye kahawa ikawajengea watu nyumba za mabati. Lakini mwaka 1989 mapatano ya nchi za dunia yaliyogawa kiasi cha kahawa ya kuuzwa yalivunjika, na bei ikaanguka. Wapo waliong'oa, wapo walioiacha ikamezwa na majani, na wapo waliopanda makadamia katikati ya mistari yake. Leo shamba lenye vyote viwili ni jambo la kawaida, mwenyewe akingoja kuona ni kipi kitakachompa bei mwaka huo.

Wa tatu ni kaliandra, kichaka kutoka Amerika ya Kati. Katika miaka ya 1990 wataalamu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Embu, pamoja na wenzao wa ICRAF yenye makao Nairobi, waliijaribu pamoja na wakulima wa hapa. Waligundua kwamba kilo 3 za majani yake mabichi humpa ng'ombe wa maziwa faida karibu sawa na kilo 1 ya chakula cha dukani, na kwamba vichaka kama 500 hutosha kumlisha ng'ombe mmoja mwaka mzima. Vichaka 500 ni vingi kwa kusikia, lakini havihitaji shamba la pekee: hupandwa kwenye matuta ya kuzuia mmomonyoko na kandokando ya uwanja wa nyumba.

Hata hivyo si kila mgeni anayestahili sifa. Mkaratusi, ambao nao ni mtoto wa Australia, hukua haraka kuliko yote na nguzo zake zina soko. Lakini hunywa maji kwa pupa. Ulipopandwa kando ya chemchemi na vijito, watu waliona maji yakipungua. Mwaka 2009 Waziri wa Mazingira wa wakati ule, Bwana John Michuki, aliamuru mikaratusi iliyo karibu na vyanzo vya maji ikatwe. Lantana nayo ililetwa kutoka Marekani ya joto kwa uzuri wa maua yake. Leo imejaza malisho na kandokando za njia, na hapana mifugo inayofaidi majani yake. Huyo ni mgeni aliyekula siku mbili, na siku ya tatu akatwaa nyumba.

Na mgrevilea wenyewe, pamoja na kazi yake yote, una hatari yake. Katika sehemu zilizo kavu wachunguzi wameona ugonjwa wa kuvu unaokausha matawi kuanzia juu na kutia shina vidonda vinavyotoa utomvu. Mti ulio katika nchi ya mvua huweza kuustahimili. Ulio katika nchi ya ukame hudhoofika. Karurumo ipo katikati, na mashamba ya upande wa chini huelekea ukame. Mkulima ambaye mpaka wake wote ni mti wa aina moja ni kama mtu aliyeweka fedha zake zote katika mfuko mmoja, asijue kama mfuko una tundu.

Sasa tuwatazame wenyeji. Mashuhuri kati yao ni muringa, mti wenye majani mapana na maua meupe ambayo nyuki huyapenda. Mbao zake ni laini kuchonga, wala hazipasuki ovyo, na kwa hiyo wazee walizitumia kwa mizinga ya nyuki. Kivuli chake hakichukii kahawa, na majani yake huoza upesi yakawa mbolea. Upo pia muuru, kama Wameru wauitavyo, ambao asili yake ni miteremko ya mashariki na kusini ya Mlima Kenya. Wazungu waliupa jina la mwaloni wa Meru, ingawa si wa jamaa ya mialoni. Ndugu yake wa kweli ni mfudu wa pwani, na kama mfudu, huzaa matunda meusi ambayo watoto na ndege huyagombania. Mbao zake hutengeneza viti na makabati ya thamani. Tangu mwaka 1998 mti huo umo katika orodha ya dunia ya miti iliyo hatarini kutoweka. Miti mingine ya mlimani imepatwa na mkasa huo huo: mwaka 1999 uchunguzi uliofanywa kwa ndege juu ya msitu wa Mlima Kenya ulionyesha kwamba maelfu ya miti ya muthaiti ilikuwa imekatwa kwa wizi.

Kisha kuna mugumo. Huo haukupandwa kwa mbao wala kwa kuni, wala haukukatwa. Chini yake wazee walikutana na kuomba. Karibu na Runyenjes kipo kisitu cha Mwenendega, ambaye kwa masimulizi ya Waembu ndiye baba wa kabila lao. Visitu kama hicho vilikuwa vingi katika nchi ya Embu na Mbeere, na hapana aliyethubutu kuingia na shoka. Havikuwa na askari wa msitu. Mlinzi wao alikuwa hofu na heshima. Lakini ardhi ilipogawanywa kwa watu mmoja mmoja, visitu vingi vilijikuta ndani ya shamba la fulani. Naye fulani, akiwa na watoto wa kulisha na hati mkononi, aliona mahali penye udongo mzuri panapokaliwa na miti isiyomletea senti. Hivyo vingi vilikwisha.

Hapo ndipo ilipo shida yenyewe, na yafaa kuitazama bila kulaumu. Mti mgeni hufika na mpandaji wake. Hununuliwa mche kwa fedha, huchimbiwa shimo, humwagiwa maji, huzungushiwa miiba mbuzi wasiufikie, na mwenyewe hujua siku aliyoupanda. Mti mwenyeji huota peke yake. Mbegu yake huletwa na ndege au upepo, nao huchomoza katikati ya mahindi, mdogo kama kidole, hauna jina la mtu. Siku ya palizi jembe hupita na kuukata pamoja na magugu. Hakuna aliyekusudia kuumaliza muringa. Lakini kwa kila palizi miche yake hukatwa, na mti mkubwa unapoanguka hapana mtoto wa kushika mahali pake. Mti usio na mpandaji hauna mtetezi. Jembe lile lile alilopewa mgeni ndilo linalomkata mtoto wa nyumbani.

Na pamoja na mti hupotea elimu. Mabwana wawili wa vyuo vikuu, Riley na Brokensha, walikaa na Wambeere kwa miaka kadhaa kuanzia mwisho wa miaka ya 1960, wakiandika majina ya mimea na kazi zake. Kitabu chao, kilichotoka mwaka 1988, kilihitaji juzuu mbili. Walioelezwa humo hawakuwa maprofesa. Walikuwa wachungaji wa mbuzi, wafuga nyuki na akina mama waliojua ni mti gani hutoa kamba, upi hutibu tumbo, upi hutoa mpini usiovunjika, na tunda gani la kuchachushia pombe ya asali siku ya posa. Mtoto wa leo anayejua mukima na makadamia tu si mjinga, ila hajaonyeshwa.

Je, mwenyeji aweza kupata mtetezi? Yapo mambo mawili yanayoonyesha kwamba aweza. La kwanza ni muguka wa Mbeere, ambao ni aina ya miraa. Asili yake ni huku huku, nao hupandwa kwa mistari na kupaliliwa kwa bidii, kwa sababu una bei. Watu hubishana kama ni mmea wa kusifiwa, lakini hapana mtu aliyehitaji kuhubiriwa ili aupande. La pili, na lenye heri zaidi, ni mukau.

Mukau ni mti wa nchi kavu, na msafiri ashukaye kutoka Karurumo kwenda Mbeere hukutana nao. Mbao zake nyekundu hazishambuliwi upesi na mchwa, majani yake ni chakula cha mbuzi wakati wa kiangazi, na mti huwa tayari kupasuliwa baada ya miaka kama kumi hadi kumi na mitano. Ni wa jamaa moja na mwarobaini uliotoka Bara Hindi. Kwa miaka mingi haukupandwa kwa sababu moja tu: mbegu zake zimefungwa ndani ya kokwa gumu, nazo zikizikwa hivi hivi hazioti. Wachungaji waliona kwamba huota zizini, ambako mbuzi huyatupa makokwa baada ya kula matunda. Baadaye Taasisi ya Utafiti wa Misitu, KEFRI, ilifundisha njia: kokwa lipasuliwe, mbegu ikatwe ncha, iloweshwe, kisha ichanjwe ngozi yake kabla ya kusiwa. Tangu mwaka 2012, kwa msaada wa Japani, taasisi hiyo imepanda huko Kitui na Kibwezi mashamba ya kutoa mbegu zilizochaguliwa kutoka miti bora. Mti uliokuwa ukingoja mbuzi sasa una mpandaji.

Mfano huo wawatosha watu wa Karurumo, wala hauhitaji fedha nyingi. Mtu mwenye mstari wa migrevilea asiikate. Ila mmoja ukianguka, mahali pake apande muringa au muuru, na kwenye mashamba ya chini apande mukau. Mukungugu hauhitaji hata kitalu, kwa kuwa tawi lake lenyewe ndilo mche, na chini yake viazi vikuu vitapata tena mahali pa kuparamia. Chini ya muuru mkubwa mara nyingi kuna miche iliyoota yenyewe, nayo yaweza kung'olewa pamoja na udongo wake wakati wa mvua na kuhamishwa. Kando ya mito mkaratusi uwapishe wenyeji wanaopenda maji, kama mkuyu. Na siku ya palizi, kabla ya kuliinua jembe, mwenye shamba awaite watoto, awaonyeshe kijiti kilichochomoza kati ya mahindi, awaambie jina lake, kisha achomeke fimbo kando yake ili kila apitaye na jembe ajue kwamba kina mwenyewe.

Hiyo ni kazi ya dakika moja. Mjukuu wake atakapofikia umri wa kuoa, mti huo utakuwa na kivuli cha kutosha wazee kuketi. Wakati huo mgeni na mwenyeji watasimama kwenye mpaka mmoja, kila mmoja na kazi yake, na msafiri apitaye barabarani kwenda Meru hatajua yupi ni yupi, ila akiuliza. Na akiuliza, yafaa awepo mtu wa kumjibu.